Cheni Kwenye Pindo

Jumatatu, 24 Februari

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili, hata Mama: kila asubuhi nikikaribia steji ya bodaboda hapa Suna, mjini Migori, namwomba Mungu amwangushe Okari, mmoja wa madereva wa pale. Sitaki afe. Nataka aanguke tu kwenye tope mbele ya wenzake, na pikipiki imlalie mguu. Naomba mdomo ukiwa umefungwa, miguu ikikanyaga pedeli, na mimi ni binti wa mzee wa kanisa la Wasabato.

Mvua imeanza leo. Tangu nimalize kidato cha nne mwezi wa Novemba nimekuwa nyumbani nikingoja chuo, mpaka Baba akaniombea kazi kwa Mama Bathsheba, shemasi wa kanisa letu. Ana karakana ng'ambo ya daraja. Tunashona makoti ya mvua, mifuko ya turubai ya kufunga kwenye keria, na mahema ya wachimba dhahabu. Naenda na kurudi kwa baiskeli ya marehemu Babu, ile nyeusi nzito, na lazima nipite steji.

"Sister Sabato!" Okari ameita leo. "Hiyo baiskeli unaiendesha ama inakuendesha?"

"Inampeleka kwa bwana," akasema mwingine.

"Bwana gani? Nani ataoa mtu ako na mapaja ya mbeba makaa?"

Nilikanyaga pedeli. Sijawahi kumjibu mtu yeyote aliyepaza sauti.

Jumanne, 25 Februari

Mvua. Sketi imeingia kwenye cheni, ikachanika. Mama Bathsheba amesema harufu yangu ni ya gereji.

Alhamisi, 27 Februari

Makoti yetu ya mvua hayana mikono. Ni kama shuka lenye kofia. Unaingiza kichwa, na turubai linafunika wewe pamoja na usukani. Ni makoti mazuri sana mahali pasipo na upepo. Leo mbele ya steji upepo umeinua langu kutoka nyuma, likanifunika uso, na sketi ikafuata.

"Bendera imepanda!" Okari alipiga kelele. "Simameni wima!"

Wote wakasimama wima wakapiga saluti mpaka nilipojifunua. Mama mmoja muuza mahindi alicheka hadi akashika mgongo. Nilimwona. Nilizoea kumsalimia kila siku, na sasa nimeacha.

Ijumaa, 28 Februari

Kesho kuna ubatizo. Nimetumwa kanisani kupiga pasi majoho. Nimegusa pindo la chini nikakuta kitu kigumu. Ni kokoto laini za mtoni, zimeshonewa ndani pande zote, ili mwanamke akiingia majini joho lisielee likamwaibisha mbele ya mchungaji.

Nimekaa na ile pasi mpaka ikapoa.

Jumapili, 2 Machi

Nimekwenda kwa Chrispine, fundi baiskeli wa karibu na soko, kuomba cheni kuukuu. Ameuliza, "Ya nini?" Nikamwonyesha pindo kwa vidole. Hanilazimishi kuongea, ndiyo maana naenda kwake. Amenikatia cheni iliyolegea pingili zote, akaichovya kwenye mafuta ya taa, akaifuta. Nimeishonea kwenye pindo la koti langu, mbele na nyuma.

Jumatatu, 3 Machi

Upepo mkali. Koti halikuinuka hata kidogo. Okari aligeukia pikipiki yake akaanza kuifuta.

Siku nzuri kuliko zote tangu nitoke shule.

Jumatano, 5 Machi

Mama Bathsheba amelishika koti langu, akalipima uzito mkononi, akalitikisa. "Acha hili hapa," akasema. Mchana alikuwa amewaambia wateja wawili. Jioni nilimsikia akimwambia wa tatu: "Wazo hili Mungu alinipa nikiwa jikoni, natoa chungu motoni. Nikasema, Bathsheba, weka uzito chini!"

Nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake. Nilitaka kusema ni mimi. Nilikohoa.

"Ukiwa na kifua, geuka upande ule," akaniambia.

Ijumaa, 7 Machi

Okari amenunua moja. Sasa ananitukana akiwa ndani ya koti langu.

Jumatatu, 10 Machi

Oda kubwa kutoka Homa Bay. Mama mmoja aitwaye Risper, mwenye boti kadhaa za omena, wale dagaa wa Ziwa Viktoria, amesikia kuna makoti yasiyopeperuka. Ziwani upepo ni mwingi, na wavuvi wake wanalowa. Mama Bathsheba ameimba wimbo wa sifa, kisha akanipa turubai lote nikate peke yangu. Cheni za Chrispine zimeisha. Amezunguka kwa mafundi wenzake wote mjini.

Nimekata, nimeshona, nimekata. Vidole vimevimba. Kila mteja anasimuliwa habari za jikoni.

Alhamisi, 13 Machi

Magunia yamefungwa. Nimeandika juu yake kwa kalamu nene jina la Risper na la ufuo wake, yakapandishwa gari. Mama Bathsheba hakusema asante. Alisema pindo la mwisho limepinda.

Jumamosi, 15 Machi

Baada ya ibada akina mama wa Dorkasi, kikundi cha huduma cha kanisa, wamemwita Mama kando. Nimemsikia Mama Nyabuto akisema msichana anayepanua miguu juu ya chuma kila siku atapoteza usichana wake, kisha aje aseme hakujua. Mama alirudi akanivuta sketi ishuke chini ya magoti. Mvua ilinyesha wakati wa chakula, na hakuna aliyesogea kwenye benchi nipate nafasi.

Jumanne, 18 Machi

Naandika nikiwa kitandani, mkono wa kulia una bandeji, kwa hiyo herufi ni mbaya.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi kile kivuko cha zege kabla ya daraja kilikuwa chini ya maji, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakimbia. Watu wa bodaboda walikuwa wameegesha pembeni wakingoja yapungue. Nikasema moyoni, nikisimama hapa watanitukana mpaka saa nne. Nikaingia.

Yalikuwa ya magotini tu. Hilo ndilo sitalisahau: ya magotini. Gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo, nikaanguka upande, na nikajua nitainuka tu, nilowe, wacheke, basi. Sikuinuka. Mikono ilikuwa ndani ya koti. Nilipoisukuma nje, ilisukuma turubai. Pindo lilishajaa maji na mchanga, cheni ikajizungusha kwenye miguu kama mtu aliyenikumbatia kwa nguvu, na maji yakaanza kunivuta kwenda ukingoni ambako zege linaishia na mto unaanza. Nilikunywa maji. Nilisikia cheni ikikwaruza zege chini yangu. Nakumbuka niliwaza kuhusu mshono, kwamba nimeushona mara mbili, hautakatika.

Mtu akanishika kofia, akanivuta kama gunia. Okari. Alinitupa kwenye kokoto, akanigeuza nikatapika.

"Wewe ni mjinga? Ee? Nyinyi Sabato mnabatizwa mara ngapi?"

Wenzake walicheka, lakini kidogo. Yeye hakucheka. Alikuwa amelowa shati, na alinitukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kikisii, maneno ambayo siyaandiki.

"Unataka tukose kazi, tushinde tukivua maiti? Chukua chuma yako uende kwa mama yako!"

Nikaona koti lake limeachwa juu ya pikipiki. Nilipopata sauti nikamuuliza kwa nini alilivua, na mvua yote ile. Ndilo neno la kwanza nimewahi kumwambia.

Alinitazama kama mtu asiyeamini. "Nani anaingia kwa maji na cheni kwa miguu? Mimi ni wazimu kama wewe?"

Hapo ndipo nilipofikiria Homa Bay. Nilikuwa bado natema mchanga. Okari, ambaye hajui hata kusalimia watu, alijua bila kufikiri. Mimi niliyekata makoti yote yale sikujua. Sisi ni watu wa milimani. Maji makubwa tunayoyajua ni ya ubatizo: unaingia ukiwa umeshikwa mkono, unazamishwa, unatolewa. Sikuwahi kufikiria mtu aliye majini bila mwingine wa kumtoa.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwambia. Nilisimama mbele ya cherehani yake mpaka akainua macho.

"Mama Bathsheba, yale makoti ya Homa Bay yana cheni."

"Najua yana cheni. Ndiyo wameyapendea."

"Mtu akianguka ziwani hataweza kutoka."

"Wavuvi hawaanguki. Wamezaliwa humo."

"Mimi nilianguka jana kwenye maji ya magoti."

"Kwa sababu wewe ni mzembe. Mji mzima unajua."

"Mpigie simu tu. Umwambie wazitoe."

Aliondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani. "Nimpigie nimwambie nini? Kwamba shemasi wa Suna amewatumia jeneza ndani ya gunia? Nani atanunua hata uzi kwangu tena? Ulikuja hapa hujui hata kuingiza uzi kwenye sindano. Baba yako aliniomba kwa heshima. Leo unanifunza kazi?"

Sikuondoka. Sijui kwa nini sikuondoka.

Akashusha sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Unafikiri sikuoni unavyonikodolea macho nikisema wazo ni langu? Haya. Ni lako. Chukua. Na yeyote atakayezama ni wako pia. Na ukifungua huo mdomo nje ya mlango huu, usirudi."

Mwanzoni nilidhani Mama Bathsheba ni mtu mkali mwenye moyo mwema. Watu husema hivyo kumhusu, na mimi nilisema. Ana ukali, basi.

Alhamisi, 20 Machi

Sikwenda kazini. Nimekwenda kwa Chrispine, ambaye kwao ni huko ziwani. Nimemuuliza kama watu wa omena tayari wameanza kuvaa yale makoti.

"Bado," akasema. "Mwezi ulikuwa mkubwa. Omena inafuata taa, na mwezi ukiwaka taa haina maana, kwa hivyo wanakaa ufuoni wanashona nyavu. Sasa mwezi unachelewa kutoka. Jumamosi jioni boti zote zitaingia ziwani, na zitaingia kwa fujo, kwa sababu mwezi ujao serikali inafunga uvuvi wa omena."

"Una namba ya Risper?"

"Risper ni tajiri. Mimi naziba pancha." Kisha akanitazama mkono wenye bandeji, akaacha utani. Alichukua baiskeli yangu akaikaza breki zote mbili bila kuniuliza naenda wapi.

Ijumaa, 21 Machi

Nilimngoja Baba amalize kuandaa somo la kesho. Nikaanza, "Baba, Mama Bathsheba..." Akasema, "Amekwisha kunipigia. Utamwomba radhi baada ya ibada." Jua likazama. Sabato ikaingia.

Jumapili, 23 Machi

Hii ni ya jana. Jana sikuandika.

Nilimwambia Mama tumbo linauma, na lilikuwa linauma. Walipokwenda kanisani nikatoa baiskeli. Sikwenda kupanda gari kwa sababu stendi nzima inamjua Baba, na kabla sijaketi mtu angekuwa amempigia. Koti langu nilikuwa nimelitoa cheni kwa wembe. Nikafunga mkasi wa kukatia turubai kwenye keria.

Malori ya miwa kuelekea Awendo hayampi mtu wa baiskeli nafasi. Yanakupigia honi wakati tayari yamekufikia, ili ujitupe majanini mwenyewe. Nilijitupa zaidi ya mara moja. Nilipofika Rongo mvua ilinipata, nikasukuma mlima kwa miguu, na wanafunzi waliojikinga kwenye baraza la duka wakanipigia makofi ya dhihaka. Baada ya hapo barabara inashuka kwenda ziwani, na mikono iliuma kwa breki. Nilikuwa na hasira. Si na Okari wala na Mama Bathsheba, bali na mikono yangu yenyewe, jinsi ilivyoshona vizuri.

Nilifika jua likiwa bado juu kidogo. Boti zilikuwa zimepangwa, taa zimefungwa, na wanaume walikuwa wanapakia nyavu wakiwa wamevaa makoti. Makoti yangu. Yalikuwa yamenyooka kwenye upepo, hakuna lililopepea. Yalipendeza.

Risper alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwanamke mnene mwenye kofia ya majani.

"Nyako," akaniita, kama wanavyomwita msichana huko, "umetoka wapi na hiyo tope?"

"Migori."

"Kwa baiskeli? Bathsheba amekosa gari la kukutuma?"

Wanaume wakacheka. Nikasema nilichokuja kusema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie, na mara ya pili wote walikuwa wamenyamaza kunisikiliza, jambo ambalo ni baya kuliko kelele.

Kijana mmoja mwenye mabega mapana, wanamwita Nicanor, alijipiga kifua. "Mimi nimeogelea kabla sijaota meno. Cheni ya baiskeli itanifanya nini?"

"Ya pikipiki ndiyo ingemtisha," mwenzake akasema.

"Basi ruka tuone," Risper akamwambia. "Una mdomo, ruka."

Akapanda boti ya mwisho, ile iliyoelea mahali penye kina, akatusalimia kwa mkono kama mheshimiwa, akaruka na koti lake.

Akaibuka akicheka. Akazama. Akaibuka tena, na sasa uso ulikuwa mwingine. Turubai lilikuwa linapigwa kutoka ndani, kama kuku aliyefungwa kwenye mfuko. Kisha palibaki maji tu. Wawili waliruka na kamba. Mwanamke mmoja akaanza kupiga mayowe. Walimtoa akiwa amefungwa magoti, wakamlaza kifudifudi, akatapika kwa muda mrefu.

Alipoweza kusimama akaja moja kwa moja kwangu, akalitupa koti miguuni pangu.

"Nani alitengeneza hii kitu?"

Risper ndiye aliyejibu. "Ni Bathsheba. Aliniambia mwenyewe kwa simu, eti Mungu alimwonyesha akiwa jikoni."

Nicanor akaapa kwamba atakwenda Migori amvishe Bathsheba koti hilo amtupe mtoni. Wenzake wakaitikia. Walikuwa wamekwisha kunisahau. Nilichohitaji ni kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

"Ni mimi," nikasema.

"Umesema?"

"Ni mimi niliyebuni. Niliona kwenye majoho ya ubatizo. Mama Bathsheba hakufikiria chochote jikoni."

Kwa wiki mbili nzima nilitaka kusema maneno hayo mbele ya watu. Nicanor aliinua mkono. Sikufumba macho. Aliushusha mwenyewe, akatema mate pembeni.

"Nyathina," Risper akaniambia, na hakulisema kwa upole ingawa ni neno la kumwita mtu mtoto wako, "una mkasi?"

"Ninao."

"Basi kaa chini ukate."

Nilikaa mchangani nikakata pindo baada ya pindo. Hakuna aliyenisaidia na sikuomba. Wanaume walivua makoti wakayarusha, mengine yakanipata kichwani. Watoto walikuja kuokota cheni wakazivuta mchangani kama nyoka. Ilikuwa Sabato, na nilikuwa nafanya kazi kwa mkasi, na wala sikuwaza kuhusu hilo mpaka nilipomaliza.

Makoti yakarudi mgongoni mwa wenyewe, mapindo yakining'inia nyuzi, na upepo ukayainua. Boti zikasukumwa. Nicanor alipanda ya kwanza bila koti.

Nimelala kwa Risper. Alimpigia Mama kwa simu yake. Leo nimerudishwa na gari la samaki, baiskeli juu. Baba hajanisemesha.

Jumanne, 25 Machi

Mama Bathsheba ametuma mtu kuniambia nisirudi. Baba amesema nitasimama mbele ya baraza la kanisa kwa ajili ya kuvunja Sabato. Nitasimama. Watauliza, nami nitajibu kwa sauti. Okari leo amepiga kelele, "Sister Sabato, umeongezwa cheo, umekuwa mbatizaji!" Nimemwambia afunge mdomo wake. Steji yote ilishtuka, na mimi pia.

Lakini kuna jambo ambalo sikuliandika Jumapili.

Nilipomaliza kukata pale ufuoni nilipanga makoti kwa makundi kama tulivyoyafunga, na moja halikuwepo. Nilimwendea Risper kando. Alifikiri kidogo. Akasema mtu mmoja wa kisiwa cha Mfangano alipita na boti ya mkaa siku magunia yalipofika, akayasifu makoti, naye akampa moja. Hamjui jina. Ametuma neno kwa boti zinazokwenda upande huo. Mpaka leo hakuna jibu, na hapa Migori mvua imeanza tena, na upepo unatoka upande wa ziwa.

Mama amenitazama nikila, akasema angalau wote wamepona. Nimesema ndiyo.

Wewe unayesoma hapa, la Homa Bay mwambie yeyote, watu wote wamekwisha kulijua. Hili la koti moja usimwambie Mama, wala Chrispine, wala mtu wa kanisani. Wakijua watanifariji. Watasema nimefanya nilichoweza, na sitaki kuambiwa hivyo wakati kuna mtu majini amelivaa. Libaki kwako na kwangu mpaka boti zilete jina lake.